Binti Yangu Alisema "Mukunywe", na Mimi Nikakunywa

Admin, nakuomba ufiche jina yangu na ya mutoto, maana huku Bruxelles bamaman banajuana hata kwa kikohozi. Bon. Niko mujane wa miaka cinquante-huit, hamsini na nane, muntu wa Likasi kule Congo, ninakaa Koekelberg. Bwana yangu alifariki mapema, nikakomaza batoto batatu peke yangu. Ule ananifanya niandike leo ni premier yangu, binti wa kwanza.

Musiseme najisifu, lakini kidogo nitajisifu. Ule mutoto ni avocat, mwanasheria. Mimi nilisafisha bureaux, maofisi ya bakubwa, kule Schuman mpaka magoti ikaharibika. Yeye leo anaingia mu bureaux za namna ile na viatu vya talons, bantu banamuamkia "maître". Alipokuwa primaire, mwalimu aliniita, nikakimbia na tablier yangu ya kazi nikifikiri amepiga muntu. Kumbe banataka kumurusha darasa! Bamaman ba église, ba kanisa yetu, barua ya commune, ofisi ya serikali ya mutaa, ikiwashinda banamuletea yeye, na hajafukuza hata mumoja. Na sombe anapika kunishinda mimi. Mutoto kama huyu, utamutupa wapi?

Alors, eko anakaa na mudada mumoja mubelge. Tumuite Nathalie, si jina yake. Aliniambia ni mwenzake wa kupanga nyumba, nikaitika. Nathalie akawa anakuja kwangu dimanche, kisha kanisa, anakula bukari na mukono, anaosha masahani bila kuambiwa. Nilimupenda, siwezi kudanganya. Kisha mwaka huu mutoto akaniketisha.

"Maman, si mwenzangu wa nyumba tu. Tunataka kuoana ku commune. Sheria ya hapa inaruhusu."

"Sheria inaruhusu hata kunywa asubuhi," nikamujibu, "lakini muntu anajiangalia kwanza."

Hakucheka. Nami sikulala vizuri tangu ile siku.

Mwezi uliopita baba ya Nathalie, muzee wa retraite, ameshastaafu, akaomba kuja kunisalimia. Mujane hapokee wageni ba namna ile peke yake, donc nikaita beau-frère, mudogo wa marehemu. Nilitayarisha kahawa na beignets. Kumbe muzee alikuwa amepita Matonge, mutaa ya Bakongomani, mu salon moja ya Galerie d'Ixelles, akauliza bale badada ba kusuka namna gani Bakongomani banaposa binti. Akaingia kwangu na cravate, amebeba pagne ya kitenge na machupa ya pombe, mutoto wangu na Nathalie nyuma yake. Akaweka pombe katikati ya meza, hakufungua, akakaa mikono ku magoti. Mwenye kumufundisha alimufundisha vizuri, wee!

Kwa bale hawajue: kwetu pombe ya kuposa haifunguliwe ovyo. Binti anaitwa mbele ya famille, anaulizwa kama tukunywe. Akiitika, amekubali ndoa. Muzazi akikunywa, amemutoa. Na mimi njo bananiita ku dot, mahari, za batoto ba wengine, nisimamie ile kuuliza. Nimeuliza mabinti wengi mpaka mudomo yangu inajua njia. Sasa kila muntu anatazama machupa, na mudomo ikajiendea yenyewe:

"Mutoto wangu, hii pombe, tukunywe?"

Beau-frère akanigeukia kama nimemumwangia maji ya moto. Na ule avocat wangu, mwenye kubishana na bazungu bila kutetemeka, akaanza kulia kama mutoto wa maternelle.

"Mukunywe, maman. Mukunywe yote."

Nathalie hasikie Kiswahili, lakini machozi alielewa, naye akalia. Muzee akanimiminia. Nikakunywa. Ungekuwa wewe, ungetema?

Beau-frère akasimama. "Umetoa mutoto wa ndugu yangu kwa mwanamuke! Njo serikali ya hapa inaharibu batoto. Serikali haizae, inatufundisha nini?"

"Tonton," mutoto akasema, "serikali haikunituma kupenda muntu. Ilifungua mulango tu, haisukume muntu kuingia. Na siku ilikupa papiers za kukaa hapa, hukusema iko na shetani."

"Papiers si ndoa!"

"Ndiyo, tonton, lakini muhuri ni ule ule, na ulitabasamu ku photo."

Hata mimi nilitaka kucheka. Nikakohoa.

Tangu hapo nimechoka, batoto yangu. Nimechoka ku mifupa. Beau-frère anataka nirudishe pombe ya namna ile ile na pagne kwa ule muzee mbele ya siku ya commune, ndoa ivunjike. Présidente wetu wa bamaman ba église amenipigia: nikionekana ku commune, nisivae tena uniforme ya bamaman, wala nisiitwe ku dot ya muntu. Pasteur anaomba, anasema serikali ya bantu si ya Mungu. Nami ninamuamini Mungu, sikumuacha. Ninasoma Biblia yangu, ninaona mahali inanikataza. Kisha ninaona mutoto wangu. Serikali ilimupa ruhusa. Haikuja kukaa na mimi hapa jikoni kunisaidia kuichukua. Na mutoto hanisukume. Alisema tu, "Kiti yako itakuwa mbele, maman. Ukikuja, iko. Usipokuja, hakuna atakaa juu yake."

Sasa musikilize kitu inanisumbua. Kwetu, kurudisha ile pombe ni kusema mbele ya bantu wote kama binti hakujua anachosema, kama "mukunywe" yake ilikuwa bure. Mimi, nilipoolewa, nilisema "mukunywe" nikiangalia macho ya baba yangu, kwa woga. Huyu alisema akiniangalia mimi, na hakuogopa.

Ndoa ku commune ni samedi inayokuja, siku ya posho. Muzee ameuliza kwa adabu kama pagne ilinifaa. Sijamujibu. Bazazi wenzangu, na weye mwenye hujazaa lakini uko na mama: kile kiti, nikikalie ao nikiache wazi?