Mafunjo Yaliyokunywa Maji ya Bafuni

Habari ya kifo chake ilinikuta kwenye benchi la fundi viatu, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi tupu, nikingoja soli ishonwe. Aliyepiga simu ni jirani yake, mama mmoja muuza vitumbua wa kule Unyambwa. Wasomaji wangu hamumjui, ingawa mengi niliyowahi kuwaandikia kuhusu upande ule wa mji yalitoka kinywani mwake. "Mama wa mafunjo ametutoka," akasema. "Leo asubuhi. Alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini, basi." Nilitaka kusimama, kama mtu anavyosimama akipewa habari ya namna hiyo, nikakumbuka kiatu kimoja kiko mapajani mwa fundi. Nikabaki nimekaa, na nilichokihisi pale hakikuwa huzuni peke yake. Ilikuwa aibu. Yule marehemu alikuwa amenipa kazi ndogo, ya aya mbili au tatu, nami nilikuwa bado sijaifanya.

Katika safu hii sina desturi ya kutaja watu majina, kwa hiyo nitasema tu kwamba alikuwa mfuaji wa nguo wa hospitali hadi alipostaafu, mjane, mwembamba, mwenye vidole vilivyochubuliwa na sabuni kwa miaka mingi. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kichaka cha mafunjo. Si yale marefu yanayomeza mtu kandokando ya maziwa makubwa. Haya ni ndugu zao wadogo wa kupambia, yanayofika kifuani, kila bua limebeba kileleni majani membamba yaliyotandazwa pande zote kama mbavu za mwavuli. Ni mmea wa majimaji. Mizizi ikikosa unyevu siku chache, ncha zinageuka kahawia na mabua yanaanza kuinama. Na sisi huku tunajijua. Mjini tuna maziwa mawili ya maji ya chumvi ambayo ndege wanasafiri kuja kuyafurahia, halafu ndoo zetu zinapanga foleni bombani. Mtu anayepanda mmea wa kinamasi mahali kama hapa, watu wanamwona ama ana wazimu ama ana kiburi.

Mimi niliamua ni kiburi. Muuza vitumbua ndiye aliyenidokeza, wakati ule yeye na yule mama bado hawajazoeana. "Huku kwetu kuna mama ana maua yanakunywa maji kuliko ng'ombe," aliniambia. Kilikuwa kiangazi kikali, vumbi la mashamba ya alizeti yaliyokwishavunwa linapeperuka hadi kwenye sahani za watu. Nikapita njia ya nyuma, nikachungulia juu ya ua wa miti, nikayaona: kijani kibichi, miguu kwenye tope, yanachezacheza na upepo huku kila kitu kingine kimekauka. Sikupiga hodi. Nilirudi nyumbani nikaandika. Niliuliza ni moyo gani unaomwagia maua maji ya bomba wakati jirani anapikia mlenda maji ya kukopa. Niliandika vizuri, na hilo ndilo baya. Watu walinisimamisha barabarani kunipongeza. Muuza kuku mmoja sokoni alinisomea sentensi zangu mwenyewe kwa kichwa, nami nikamsikiliza hadi mwisho, nikitabasamu.

Sikujua kwamba gazeti lile lilifika bombani, likasomwa kwa sauti mbele ya foleni. Jina sikutaja, lakini hakuna aliyelihitaji. Siku ile ile, zamu ya yule mama ilipofika, mtu aliinua ndoo yake akaipeleka nyuma kabisa. "Kanyweshe kwanza maua yako, mama," akaambiwa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu hakwenda. Alianza kushuka kwenye kisima cha bondeni, chenye maji yanayoacha ladha ya chumvi kwenye chai, na kupanda nayo kilima akiwa na umri wake wa miaka sabini na ushei. Aliyanywa maji yale viangazi viwili.

Nilipata kuyajua hayo aliponiita. Alimtuma huyo huyo muuza vitumbua, ambaye kufikia hapo alikuwa rafiki yake, na nikaenda nikijua ninakwenda kugombezwa. Nilibisha hodi, safari hii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayeandika?"

"Ndiye mimi."

"Basi usikae kwanza. Njoo nyuma."

Akanisimamisha kando ya mafunjo, akaingia bafuni, yale mabafu yetu ya nje ya mabati, na beseni la maji ya povu. Nikasikia akiyamwaga sakafuni. Baada ya kitambo maji yakatokea kwenye bomba la maji machafu ukutani, yakapita kwenye mtaro mfupi uliojazwa changarawe, yakazama kimya kimya katikati ya mabua. Juu ya ardhi halikubaki hata dimbwi la kunywesha kuku. Kisha nikaona bomba la pili, lililoongezwa walipopatana, likitokea bafu la jirani, muuza vitumbua, nalo limeelekezwa pale pale. Zamani maji ya mabafu yote mawili yalikuwa yanatuama kwenye kichochoro, matope meusi, mbu, harufu, na nyumba mbili hazisalimiani. Yule mama akatoka na beseni tupu.

"Haya maji nimeshayaoga, mwanangu," akasema. "Ulitaka niyanywe?"

Nikajitetea kwa silaha ya kazi yetu. "Lakini mama, mimi sikukutaja jina."

Akacheka, na niseme ukweli, hakucheka kwa uchungu. "Hukunitaja. Unyambwa hii nzima, mafunjo mengine yako wapi?"

Hapo ndipo aliponipa ile kazi. Nilianza kumwomba radhi, akainua mkono kunizuia. "Usiniombe radhi hapa nyuma ya bafu, tuko wawili. Ulinisema gazetini. Nisafishe gazetini. Andika tu kwamba yalikuwa maji ya kuogea, nirudi bombani." Nikamwahidi. Nikamwahidi kwa moyo wote, kama tunavyoahidi tukiwa bado tunaona haya.

Kisha akaniandalia zawadi, jambo lililonichoma zaidi ya ugomvi wowote. Alikata vichwa vitatu vya mafunjo, kila kimoja na kipande cha bua kisichozidi kidole, akavifunga kwenye gazeti lenye unyevu. Nikaenda kuvichomeka kwenye tope nyumbani, vimesimama vizuri, miavuli juu. Vikaoza vyote. Nilipomrudia na habari hiyo alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi wa darasa la kwanza. "Umekiweka kichwa juu! Hiki kinazaliwa kichwa chini, kama mtoto." Akanionyesha: unapunguza majani kwa mkasi yabaki nusu, unakigeuza, unakilaza kwenye beseni la maji kivulini, bua likitazama juu, na hubadilishi mawazo ukakisimamisha. Wiki ya pili au ya tatu, pale katikati majani yanapokutana, yanatoka machipukizi na mizizi myeupe. Ndipo unapanda kwenye tope. Mabua yakizeeka na kuwa manjano, unayakata chini kabisa, wala huonei huruma. Shina likijaa sana unaligawa kwa panga. Na maji yenye ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe huyapeleki kule hata siku moja. Ya sabuni ya kawaida, kidogo kidogo, yanavumilika.

Nilimuuliza haya yote kayajulia wapi. Akaniambia kule kazini, kwenye chumba cha kufulia, alikaa miaka yake yote akitazama maji yakienda mferejini, mashuka yakitoka meupe na watu wakiyasifu mashuka. "Hakuna aliyewahi kuuliza maji yanakwenda wapi," akasema. "Mimi nilikuwa naulizwa na pua yangu." Mche wa kwanza aliuokota kwenye takataka za nyumba moja ya wageni, umetupwa na chungu chake kwa sababu umekauka. Aliuweka kwenye njia ya maji ya bafu kwa kubahatisha, na ukashika. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya usafi wa mazingira, nimekunywa soda zake, na sijawahi kusikia humo jambo lenye maana kama lile. Tunawaheshimu watu wa kalamu na vipaza sauti, na wanaoshinda na mikono yao kwenye maji machafu tunawapa pole, basi. Hatuwaulizi kitu.

Mafunjo yangu yalishika. Yale maneno sikuyaandika. Juma la kwanza mvua zilikuwa zimeanza, nikaona habari ya kilimo ni muhimu zaidi. Juma lililofuata likaja jambo lingine, na lingine. Hayo ni maelezo. Sababu yenyewe ni kwamba ile safu ilikuwa imesifiwa kuliko zote nilizoandika mwaka ule, na sikuwa na nia ya kwenda kumwambia muuza kuku wa sokoni kwamba alikariri uongo. Kila nilipopita kumjulia hali, yule mama hakuniuliza. Alinikaribisha chai. Nilionja chumvi ndani yake, nikanywa, nikaaga.

Tulimzika siku ya jua kali. Baada ya mazishi muuza vitumbua alinishika mkono akanivuta pembeni ya wanawake waliokuwa wanaosha masufuria. "Sisi wa jirani tulijua zamani," akasema. "Tulisema bombani, wakatujibu, mbona gazeti halijakanusha? Tukawa tunakuona unakuja hapa kila mara. Tukajua sasa ataandika." Akarudi kwenye masufuria. Nikaondoka kwa miguu, nikapita bombani, na kwenye kibanda cha kukingia maji, kwa ndani, mahali jua halifiki, nikaiona safu yangu. Waliikata vizuri, wakaibandika ukutani, wakaifunika na nailoni isiharibiwe na maji. Imepauka, lakini inasomeka neno kwa neno. Yule mama alikuwa na haki ya kutopita pale.

Siku hizi kila mtu ana safu yake mfukoni. Unapita, unachungulia juu ya ua wa mtu, unapiga picha, unaandika mstari mmoja wa kuchekesha, na kabla hujafika nyumbani mtaa mzima umeshahukumu. Siwezi kuwanyooshea kidole vijana, maana mimi nililifanya hilo kwa wino na kwa mshahara. Hodi moja tu ingetosha. Swali moja, haya maji yanatoka wapi, mama? Na nilipokwisha kukosea, bado nilikuwa na viangazi viwili vya kurekebisha, naye yu hai, nyumbani, na birika liko jikoni.

Kwa hiyo naandika alichoniagiza. Yale maji hayakuwa ya bomba. Yalikuwa ya kuogea, yake na ya jirani yake, na badala ya kutuama kichochoroni yalikuwa yanastawisha mafunjo. Niliyoandika kuhusu mama yule hayakuwa kweli, na nilijua hivyo kwa muda mrefu nikanyamaza. Msamaha wa faraghani kwa kosa la hadharani unampunguzia mzigo mkosaji peke yake, aliyekosewa anaendelea kupanda kilima na ndoo yake. Hilo ndilo nililojifunza, na limenifikia wakati haliwezi tena kumsaidia. Jumamosi nitakwenda bombani na ukurasa huu na gundi. Nitakwenda saa nne asubuhi, foleni ikiwa imejaa, niusome kwa sauti mwenyewe, halafu niubandike juu ya ule wa zamani.