Madaftari Matatu ya Dada

Dada yangu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mimi ni dobi. Tulifanya kazi katika chumba kimoja cha mbele: cherehani yake dirishani, meza yangu ya pasi nyuma ya mlango, mahali ambapo wateja hawanioni sana. Mama alipofariki nilikuwa darasa la pili, na dada ndiye aliyenilea. Hata nilipoota mvi aliniita "kijana wangu".

Kwa miaka sita aliandika kitabu katika madaftari matatu: namna ya kukata kitambaa kisipotee, namna ya kuacha pindo pana ili gauni likue pamoja na mtoto. Alitaka kiwafae wasichana wasioweza kulipia chuo. Moyo ulipoanza kumsumbua, daktari akamkataza kukanyaga cherehani. Akabaki na hamu moja tu, akione kitabu chake.

Mchapishaji alitaka kwanza pendekezo la kurasa mbili: kitabu kinahusu nini, nani atakisoma, kwa nini kinahitajika, mwandishi ni nani. Pamoja na hilo, sura moja ya mfano.

"Andika wewe," dada aliniambia kutoka kitandani. "Mikono yangu inatetemeka."

"Dada, mimi sijui kujisifu."

"Nani kakuambia ujisifu? Nisifu mimi! Na usiandike kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

Nikaandika hivyo hivyo. "Samahani kwa kuwapotezea muda. Ni kitabu kidogo tu cha mshonaji asiye na elimu kubwa. Najua mnavyo vitabu vizuri zaidi. Mkikikataa hatutalalamika." Niliona ndiyo adabu. Nikaambatanisha sura ya pindo, nikapeleka bila kumsomea.

Baada ya miezi miwili niliitwa. Mhariri, mama mmoja mwenye miwani shingoni, aliiweka barua yangu mezani.

"Sura hii nimeipenda," alisema. "Lakini wewe mwenyewe umenikataza mara tatu nisikichukue kitabu. Nikienda kwenye kikao na barua hii, nitawaambia nini wenzangu?"

Nilinyoosha mkono niichukue barua.

"Nenda kaandike upya, kaka. Niambie huyu mama kamfundisha nani, na huyo aliyefundishwa sasa anaishi vipi."

Nyumbani dada alikuwa amejiinua kwenye mto.

"Haya, kijana wangu. Wamesemaje?"

Ilikuwa niseme, "Kitabu kizuri, barua ndiyo mbovu, na barua niliandika mimi." Nikasema, "Wamekirudisha."

Akacheka kicheko kifupi. "Basi nilijidanganya. Hayo madaftari wape watoto wa jirani wachoree."

Akageukia ukutani.

Nilijiambia nitaandika upya kwanza, wakikubali ndiyo nimweleze yote. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha pasi, niliandika mistari miwili nikafuta mmoja. Siku ya tisa nilimpelekea uji, nikamkuta mwili umeshapoa.

Msibani, wanawake aliowafundisha kazi walijaa uani. Niliwahesabu kumi na wanne. Mmoja aliniambia anasomesha watoto watatu kwa mkasi aliopewa na dada. Mwingine alinionyesha gauni la binti yake, pindo limeshushwa mara mbili. Wageni walipoondoka nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikayaandika yote, kurasa mbili, bila kuomba samahani hata mara moja; kesho yake nikazipeleka kwa mhariri. Niliandika kwamba sijawahi kuona mshonaji kama yeye. Sikuwahi kumwambia hivyo.

Juzi mhariri alipiga simu kuhakikisha nimepata barua yao. Kikao kimekubali.

"Mwandishi atakuwa amefurahi sana," alisema. "Amesemaje?"

Katika barua nilisahau kuandika kwamba amefariki. Au sikusahau.

"Alisema," nilimjibu, "madaftari wapewe watoto wachoree."