Mkeka Niliojifunika Mara Mbili

Jumanne moja asubuhi nilikaa kwenye changarawe mbele ya nyumba ya watu, nimejikunja, nimefunikwa mkeka kuanzia kichwani hadi magotini, nikisubiri kuuawa.

Kando yangu kulikuwa na kuni na mawe ya kuchomea nyama. Nilivibeba mwenyewe kutoka kwetu.

Huku Samoa hakuna asiyejua maana yake: mimi ni nguruwe wenu, mkitaka nichomeni.

Na msiharakishe kunionea huruma. Ngojeni kwanza mjue nilichofanya.

Naitwa Pesamino. Ni mwalimu wa hesabu katika sekondari moja huku kisiwani Savaii. Wakati haya yanatokea nilikuwa na miaka kumi na moja kazini, na miaka yote hiyo nilitembea na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, urefu wa mkono, mwisho wake una pete ya chuma.

Nilikuwa najivunia huo mpira. Nasema ukweli.

Mimi mwenyewe nilikuzwa na kichapo. Nikiwa darasa la sita, mwalimu wangu alinichapa mbele ya wasichana mpaka nikajikojolea. Mwaka uliofuata nikawa wa kwanza darasani. Nikaunganisha hayo mawili, na nikayaamini kama watu wanavyoamini mahubiri ya Jumapili.

Kwenye ofisi ya walimu nilikuwa mhubiri.

"Mtoto hakui bila maumivu," nawaambia wenzangu. "Nitazameni mimi. Bila kichapo mngeniona hapa?"

Wanacheka, wanaendelea na chai. Hakuna aliyenibishia, kwa sababu darasa langu lilikuwa kimya kuliko yote.

Nilikuwa na utaratibu. Unapigwa, unahesabu kwa sauti. Ukikosea namba, tunaanza upya. Mwisho nakuuliza, "Umejifunza nini?" Wewe unajibu, "Nimejifunza, mwalimu." Unarudi kukaa. Kazi imeisha.

Sasa siku ya Fereti.

Fereti alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mpole, mtoto wa chifu Muliaga wa kijiji cha jirani. Alikuwa ameshapita usaili wa chuo cha mabaharia, anasubiri tu kupimwa afya. Kijiji kizima kilishamwona melini.

Nilimwita ubaoni atatue mlinganyo. Akasimama na chaki mkononi. Kimya.

"Andika."

Kimya.

"Fereti, unanidharau?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi andika!"

Hakuandika. Nikaanza. Moja. Mbili. Tatu. Mgongoni, kama kawaida. Pigo la nne akageuza kichwa, sijui alitaka kusema nini, na ile pete ya chuma ikamkuta sikio la kushoto.

Damu ikaruka mpaka kwenye ubao.

Jamani, mnajua nilifanya nini? Nilisema, "Nne. Hukuhesabu nne."

Hospitali walisema sikio limekufa. Wiki hiyo hiyo chuo cha mabaharia kikamkata jina.

Hapo ndipo kikanuka.

Kaka yake Fereti, Setu, jitu la kucheza raga, alikuja kwangu mchana kweupe na binamu zake sita. Wakavunja kila kilichovunjika. Mbwa wangu wawili walikatwa panga mlangoni. Mimi nilitokea dirisha la nyuma, nikakimbilia kwenye mashamba ya taro, magimbi yetu, na lavalava, shuka la kiunoni, imechanika, mwalimu mzima.

Vijana wa ukoo wetu wakaanza kunoa mapanga na wao. Mjomba wangu Lauina, ndiye chifu wetu, akawakemea.

"Kaeni chini! Mnataka kuzika watu kwa ajili ya mpira wa bustani?"

Akanigeukia.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwao kuomba ifoga. Nitakaa mimi chini ya mkeka mpaka waufunue kutusamehe. Ndiyo kazi ya chifu."

"Nitakaa mimi, mjomba."

"Wanaweza kukuua."

"Najua."

"Basi leta na huo mpira wako. Ufunge pamoja na kuni, wauone."

Mkiniuliza kama nilikuwa najuta, jibu ni hapana. Nilikuwa naogopa, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo Jumanne hiyo jua linachomoza nikiwa kwenye changarawe. Mkeka wenyewe ulikuwa ule laini wa ukoo, uliosukwa na bibi zetu, hutolewa kwa mazishi na arusi tu. Ndani yake kuna giza na harufu ya sanduku. Mjomba na wazee wetu walikaa nyuma yangu, vichwa chini.

Nikasikia miguu ikija mbio.

"Uko wapi mbwa wewe?" Ilikuwa sauti ya Setu.

Jiwe la kwanza lilinipata mgongoni. La pili likavunja mfupa wa bega, nikasikia mlio wake kabla ya maumivu. La tatu sikumbuki vizuri.

Hakuna aliyenyanyuka upande wetu. Ndivyo ilivyo. Aliye chini ya mkeka anapigwa na halalamiki, na ukoo wake unatazama.

Kisha nikasikia sauti ya mzee Muliaga.

"Setu, inatosha."

Akaja polepole, akashika pindo la mkeka, akaunyanyua. Mwanga ukanipiga machoni. Nimesamehewa!

Wadau, nililia kama mtoto. Nikaingizwa ndani, nikakalishwa kwenye nguzo wanapoegemea wageni, mkono umefungwa kwa kitambaa. Wazee wakapeana hotuba. Chakula kikaletwa, taro, samaki, nyama ya kopo kwenye tui. Mambo yameisha, nikajisemea.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Niliomba kusema neno. Si nilishajiona shujaa?

"Wazee, asanteni," nikasema. "Mungu ni shahidi yangu, nilimpiga Fereti kwa sababu nampenda. Nami nilipigwa, na ndiyo maana leo ni mwalimu. Nilitaka tu akue."

Wazee wakaitikia kwa kichwa. "Kweli, kweli."

Sasa, kwetu vijana ndio wanaohudumia wazee na wageni. Na aliyekuwa anakuja na beseni la maji ya kuninawisha mikono, mgongo umeinama kwa heshima, bandeji imefunika upande wa kushoto wa kichwa, alikuwa Fereti.

Alinisikia kwa sikio lililobaki.

Aliweka beseni chini taratibu, bila kumwaga tone. Akatoka nje. Nikadhani amekwenda kuleta taulo.

Akarudi na mpira wangu.

Pigo la kwanza lilinikata shavu. La pili likaniangusha kwenye sahani ya samaki. Mama mmoja akapiga ukelele. Nikamwona Fereti juu yangu, uso hauna hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Mjomba Lauina aliruka akasimama.

"Muliaga! Umetusamehe, umetulisha, kisha mgeni anapigwa nyumbani mwako? Mmevunja msamaha!"

Kila mtu pale alijua kinachofuata. Kuvunja msamaha si jambo la kutozwa nguruwe. Baraza la kijiji linakaa, ukoo mzima unafukuzwa, nyumba inachomwa. Bibi, wajukuu, wote barabarani na magodoro kichwani, kwa sababu ya huyu kijana.

Mzee Muliaga alimkamata Fereti nywele. Akamgonga kichwa kwenye nguzo, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Umetuangamiza! Umetuangamiza!"

Bandeji ikalowa damu mpya. Setu, yule yule aliyenirushia mawe, sasa alikuwa amemshika mdogo wake mikono ili baba apige vizuri. Mzee akamnyang'anya mpira akaanza kumshushia, na mimi nikamsikia Fereti akianza kuhesabu.

"Moja. Mbili."

Hakuna aliyemwambia ahesabu, jamani. Mdomo wake ulifanya wenyewe. Ni mimi niliyeuzoesha.

Ndipo kitu kikanipata. Sijui nikiiteje. Aibu, pengine, ile ya kweli.

Nikajikokota kwa mkono mmoja mpaka nje. Mkeka ulikuwa bado kwenye changarawe. Nikakaa pale pale, nikauvuta, nikajifunika kichwa.

"Msamaha haujaisha!" nikapiga kelele kutoka ndani. "Mkeka bado uko juu yangu! Nani amevunja nini?"

Kelele zikakatika.

Kisha sauti ya Mjomba Lauina, inayumba. "Pesamino, ulishafunuliwa. Chifu alikufunua."

"Chifu sikumpiga mimi, mjomba. Nilimpiga Fereti. Yeye hajanifunua."

Ilikuwa hoja ya ajabu, sijawahi kuisikia kwa mtu, na sidhani ingepita mbele ya baraza siku ya kawaida. Lakini wazee wote wawili walihitaji mlango wa kutokea, na mimi niliwafungulia. Nilimsikia mjomba akivuta pumzi ndefu.

"Basi," akasema. "Mkeka uko juu yake. Kilichotokea kimetokea ndani ya ifoga. Sisi hatuna la kudai."

"Hatuna?" aliuliza mzee Muliaga, sauti imekwisha.

"Hatuna. Mwachie mtoto."

Muda ukapita. Halafu nyayo kwenye changarawe, nyepesi. Zikasimama mbele yangu.

"Mwalimu."

"Nipo, Fereti."

"Hesabu."

Akanipiga. Hakulenga bega lililovunjika, hilo nampa. Mgongoni tu, kwa mpangilio, kama nilivyomfundisha.

"Moja," nikasema. "Mbili. Tatu."

Kwenye sita nikapotea. Nilisema tano.

"Umekosea. Tunaanza upya."

"Moja..."

Nilikuwa nimeshalowa damu. Nikaanza kubembeleza bila kutaka, maneno yale yale ya watoto wa kidato cha kwanza, basi, basi, sitarudia. Setu alilia mahali fulani. Jitu zima linalia. Hakuna aliyemzuia Fereti, maana sasa hakuna aliyekuwa na haki ya kumzuia.

Kwenye kumi akaacha.

"Umejifunza nini?"

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, nililisikia mara elfu, maneno mawili tu. Likanikwama.

Nilitafuta, nawaambieni. Nilitafuta majuto, nilitafuta sura yake ubaoni, nilitafuta hata dua. Kichwani hakukuwa na kitu. Kulikuwa na namba, na hofu ya kukosea namba.

"Sijui," nikasema. "Sikujifunza kitu. Nilikuwa nawaza pigo linalofuata."



"Hata mimi," akasema Fereti.

Nikasikia mpira ukianguka kwenye mawe. Nyayo zikaondoka. Mkeka hakuufunua.

Mzee Muliaga alitaka kuja aufunue yeye, mjomba akamkatalia. "Safari hii mkeka si wako kuufunua."

Basi nikabaki. Jua likapanda. Damu ikakauka ikaushika mkeka na ngozi yangu pamoja. Nzi wakaja. Mara mbili nilizimia nikaamkia mle mle gizani. Nilisikia wazee wakikohoa kivulini, hakuna aliyethubutu kwenda kula, na mimi nikaanza kufikiri kwamba labda kijana hatarudi, na kwamba ana haki.

Jua lilikuwa utosini pindo lilipoinuliwa.

Fereti alikuwa amechuchumaa, uso umevimba kwa kipigo cha baba yake, jicho moja limefumba.

"Inuka. Mama anasema chakula kinapoa."

"Umenisamehe?"

Alinitazama sana.

"Mama anasema chakula kinapoa, mwalimu."

Nikainuka. Nililishika bega lake, akaniacha nilishike.

Sitawadanganya kwamba tulikuwa marafiki baada ya hapo. Sikio halikurudi na bahari hakwenda. Kila nikimwona naona nilichomchukulia, na hakuna mkeka wa kufunika hilo.

Lakini baada ya wiki tatu alirudi shule. Akachagua dawati la ukutani, kushoto, ili sikio zima lielekee kwangu. Niliingia mikono mitupu na sikujua niiweke wapi.

Nikaandika mlinganyo ubaoni, ule ule. Darasa kimya, kimya changu kile nilichokuwa nakisifia ofisini.

"Fereti," nikasema mbele ya wanafunzi arobaini. "Jaribu."

Akaja, akashika chaki. Akautazama ubao muda mrefu.

Akageuka.

"Mwalimu, sijaelewa. Sijawahi kuelewa tangu mwanzo wa mwaka."

Nikasikia mtoto mwingine nyuma. "Hata mimi, mwalimu." Na mwingine. Na mwingine. Mikono ikapanda mpaka nikaacha kuihesabu.

Miaka kumi na moja. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniambia neno hilo, na mimi nilidhani ni kwa sababu nafundisha vizuri.

Nilifuta ubao. Nikaanza na sura ya kwanza ya kitabu.

Walimu wenzangu, na nyie wazazi wenye mikanda nyuma ya mlango, mnisikie. Mtoto anayekuogopa hatakuambia alipokwama, na usipojua alipokwama huwezi kumsogeza hata hatua moja. Darasa lako likiwa kimya sana, usijisifu. Uliza nani hajaelewa, kisha uone kama kuna mmoja anayethubutu kunyoosha mkono.