Kiti Kimoja cha Kwenda Visiwani

Ofisini walimwita Mama Visiwa, na jina likamkaa. Miaka kumi na tisa amewauzia watu likizo za visiwa vile. Anawaambia kipi kina mchanga mweupe kama unga, kipi maji yakipwa unavuka kwa miguu, na chumba gani usikubali kupewa kwa sababu jenereta linanguruma nyuma yake. Yeye mwenyewe hajakanyaga hata ufuo mmoja. Yote hayo ameyapata kwa kuwahoji wateja wakirudi, tena bila haya, mpaka wengine wakasahau kilichowaleta ofisini.

Kila mwaka hoteli za kule huipa ofisi kiti kimoja cha bure, mfanyakazi aende akajionee. Safari hii Mama Visiwa hakuwa na wasiwasi kwamba ni zamu yake, maana imebaki miezi minne astaafu. Dada yake alishamwazima kofia pana. Mumewe naye akaanza kujifunza kupika, na majirani walijua hivyo kwa harufu ya kuungua.

Meneja akamwita.

"Mama, ile nafasi nampa huyu binti mpya."

"Mimi je?"

"Si safari ya kujifunza? Wewe utajifunza nini, mama? Unavijua kuliko waliozaliwa huko!"

Akacheka, mtoto wa watu, akidhani amemsifu. Mama Visiwa alirudi mezani na hasira zake. Eti mcheza kwao hutuzwa! Yeye kucheza vizuri ndiko kulikomponza. Angekuwa mzembe, asiyejua kusi wala kaskazi, angeshapelekwa mara tano.

Wiki iliyofuata binti akasafiri. Siku ya pili, asubuhi, akapiga simu ofisini.

"Mama, nimepotea mwenzio! Boti ya kile kisiwa kidogo inaondokea wapi?"

"Uko wapi?"

"Mbele ya forodha."

"Ipe mgongo. Shika kushoto, wapite wauza barafu, utaona ngazi za mawe. Ya nne inateleza, angalia."

Akasikia ndara zikipiga chini, upepo, watu wakiitana.

"Nimeiona! Mama wee, na haya maji! Yaani hata siwezi kukueleza yalivyo."

"Jaribu," Mama Visiwa akamwambia. "Jaribu tu, mwanangu."

Lakini binti alishakata simu, boti isimwache.