Sikio la Lubangakene

Kwa miaka thelathini Lubangakene aliijua pikipiki kwa mlio kabla hajaiona. Ilipokata kona ya kinu cha mtama, hapo Kitgum, aliinua kidole: "Beringi ya nyuma, ya kushoto." Watu walibisha, gurudumu likafunguliwa, wakanyamaza.

Kinu hicho hicho, au nyundo, au miaka tu, vilimla sikio kidogo kidogo. Tangu mvua za mwaka jana aliishi kwa kutazama midomo. Mkewe tu ndiye aliyejua. Fundi asiyesikia, nani atampa gurudumu lake?

Asubuhi moja alikuja Aciro, mkunga wa zahanati ya Mucwini, akiisukuma pikipiki iliyomzidi umri yeye mwenyewe. Gurudumu la nyuma lilicheza kama jino la mtoto.

"Baba, nifanyie haraka. Nimefuata dawa tu, kuna mama nimemwacha na uchungu."

"Yeye ana uchungu, wewe una haraka, mimi nina nyundo," akasema fundi. Aciro akacheka.

Fundi alizigonga beringi za zamani zikatoka na vumbi la kutu. Akaimwagia habu, moyo wa gurudumu, maji ya moto ipanuke, akaingiza beringi mpya, kisha kibomba cha katikati cha kuzitenganisha, kisha beringi ya pili. Hapa ndipo sikio hufanya kazi kuliko mkono. Beringi ikiwa njiani, nyundo hulia kwa sauti nyembamba; ikifika mahali pake, mlio hugeuka mzito, nawe unaacha papo hapo. Ukizidisha, inakandamizwa kwenye kibomba, na ikikandamizwa hukaza, hupata moto, mwisho huganda. Lubangakene aligonga akisubiri mlio ugeuke. Kimya. Akagonga tena. Na tena.

Alipolifunga gurudumu akalizungusha, lilizunguka. Aciro akainamisha kichwa.

"Baba, mbona linalia?"

Neno hilo alilisoma midomoni, waziwazi.

"Chuma kipya, binti yangu. Kitazoea."

Aciro akaondoka. Oyat, mziba pancha wa jirani, alimpigia fundi kelele weee, mwisho akaja kusimama mbele yake.

"Mzee, leo umeanza kunywa mapema? Umemwachia mtoto wa watu gurudumu linalolia kama nguruwe anachinjwa, nawe unatabasamu!"

"Lilikuwa linalia sana?"

"Kwani hukusikia?"

Lubangakene aliitupa nyundo chini. "Nipe pikipiki yako," akasema.

Alimkuta Aciro kwenye mteremko wa njia ya Mucwini, maili nne kutoka mjini. Gurudumu lilikuwa limeganda, na nyuma ya pikipiki mchirizi wa tairi ulikuwa umekatika ghafla kwenye murumu, udongo mwekundu wa barabara. Aciro alikaa ukingoni, mkono umepinda pasipo kiungo. Chupa za dawa zilikuwa vigae, dawa imeshanywewa na vumbi.

"Nilikuuliza," akasema Aciro. Midomo yake ilitetemeka, ikasomeka kwa shida. "Nilikuuliza, baba."

"Sikulisikia." Fundi akapiga magoti. "Sisikii kitu, binti yangu. Mwaka wa pili huu. Niliona umesema linalia, nikaogopa kukuambia."

Alingoja atukanwe. Aciro alikuwa ameshaugeuza uso kuelekea Mucwini, alikomwacha yule mama, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Huenda alikuwa akilia, huenda alikuwa akimwambia neno. Lubangakene aliona shingo yake tu, na hakuthubutu kuzunguka upande wa pili kumtazama midomo.