Mafuta ya Nazi kwenye Upinde

Ilianza Alhamisi, saa kumi na robo jioni. Mwalimu wangu wa selo, ile fidla kubwa ipigwayo kwa kukaa, aliyepiga katika okestra miaka mingi kabla mumewe hajahamishiwa hifadhi ya bahari hapa Mafia, alitoka kidogo. Nikaona nywele za upinde wake wa kupigia selo zimekauka, nikazipaka mafuta ya nazi, kama tunavyopaka zetu.

Aliporudi akapiga, upinde ukateleza tu, bila mlio. Hakuwa na upinde mwingine, na Jumamosi alikuwa apige kanisani, mara ya kwanza tangu ahamie.

“Hewa ya bahari imeniweza, mwanangu,” alisema. “Nitawaambia sipigi tena.”

Nilitaka kusema ni mimi. Nikaaga, nikaondoka.

Asubuhi yake nilikwenda kwake nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaningoja niseme nilichofuata. Badala ya kukiri, nikachukua ufagio, nikamfagilia uwanja wote.