Siku Papa Jérôme Alipomnyoa Mwanawe

Ilikuwa mwaka 2021. La, nisiwaongopee, ilikuwa 2022, maana 2021 Papa Jérôme alikuwa bado akiendesha toleka ya kukodi, na mwaka ninaousema hapa baiskeli ilikuwa mali yake, kiti cha abiria kimeshonewa kigodoro chekundu. Toka sokoni hadi daraja la Tshopo alibeba watu wa Kisangani kwa nguvu za magoti yake.

Mwaka huo mwanawe Elisée alipata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari. Majirani walimmwagia poda ya pongezi mpaka nyusi zikawa nyeupe, na kabla hajanawa, ugomvi wa chuo kikuu gani aende ukaanza ndani ya nyumba.

"Mutoto aende privé," akasema mkewe, Mama Wivine, muuza pondu, yaani kisamvu. "Kule mwaka inaanza, inaisha. Kwa Serikali ma-profeseri wanagomaka, mwaka moja inakula mbili. Na baptême je? Umesahau kaka yangu alirudia na mukono ya kuvunjika?"

"Privé iko dola mia ine, mama. Serikali haifike hata nusu. Na miye niko na miguu mbili tu."

Hiyo baptême ni desturi ya kampasi ya Serikali: wanafunzi wa zamani, wanaojiita ma-poil, huwanyoa nywele wanafunzi wapya, ma-bleu, na kuwachapa wiki nzima kabla ya kuwakubali. Jérôme alifikiri, akaona ametoboa. Ikiwa wanataka nywele, basi wazikose! Jumapili akamkalisha mtoto uani, akamnyoa kwa wembe mpaka kichwa kikang'aa.

"Bon. Wakikuta kazi imeisha, wataenda kwa wengine."

Jumatatu akampakia kwenye toleka, akamshusha getini pa kampasi ya Serikali. Benoît, poil wa mwaka wa tatu, mkanda wa mashine umezungushwa mkononi, akakitazama kile kichwa kwa mshangao.

"Eh, bleu! Nani alikunyoa?"

"Papa."

"Alors papa yako iko poil? Iko mwaka ya ngapi?"

Wakacheka wote. Kisha mkanda ukashuka.

"Amekula kazi yetu!" wakapiga kelele, na kwa kuwa nywele hazikuwepo, walichukua ngozi. Wakamwinamisha, wakamsugua utosi kwenye changarawe, huku na huku, kama mama anayesugua sufuria iliyoungua, mpaka changarawe ikawa nyekundu. Elisée alilia mara moja tu, kisha kinywa kikajaa udongo.

Mlinzi alimshika Jérôme mkono. "Papa, tulia. Ni mambo ya watoto. Kesho watakunywa pamoja."

Jérôme hakutulia. Alichomoa pampu ya chuma kwenye baiskeli, akaingia mbio. Pigo la kwanza lilimpata Benoît mdomoni, meno mawili yakaruka. La pili halikupata mtu, maana kundi lilikwisha kumfunika. Walimpiga mateke ya mbavu hadi akasikia mfupa mmoja ukilia ndani yake. Wakaiburuta toleka, wakaimwagia petroli, wakaiwasha, na ndani ya ule moshi mweusi wa matairi mtu fulani akampiga Elisée tofali kwenye sikio la kushoto. Sikio hilo halikusikia tena.

Hospitalini Mama Wivine hakumtazama mumewe. Alisema tu, "Nitauzisha sherehani yangu. Mutoto anaenda privé. Sitaki maneno."

Elisée, kichwa kizima kimefungwa bandeji, ndiye aliyekataa.

"Apana, mama. Hapa nimekwisha kulipa na sikio, na kule nianze kulipa tena? Mwaka inakuya, niko poil."

Na Jérôme, aibu hata kuisema, alifurahi. Baiskeli ilikuwa majivu, mbavu zilimuuma hata akivuta pumzi, lakini alifurahi kwamba bei ya chuo ilibaki ile ile. Mama Wivine aliiona ile furaha usoni mwake, akatoka nje.

Mwaka uliofuata ulichelewa miezi mitano kwa sababu ya mgomo. Jérôme alikuwa amerudia toleka ya kukodi, na kila mlima ulimchoma ubavuni. Jumatatu ya kwanza ya ma-bleu, Elisée alirudi nyumbani jioni akiimba, shati limerukiwa na damu kifuani na mikononi. Mama Wivine alimvua shati, akamgeuza huku na huku, akitafuta kidonda. Hakukuwa na kidonda popote. Akaliacha shati lianguke chini.

Elisée akavuta sahani ya pondu, akaanza kula. Jérôme akaja akachuchumaa upande wa kulia, upande wa sikio zima, ili asije akasema hakusikia.

"Elisée, hii damu iko ya mutoto ya nani?"